Shangazi, mbwa ni wangu lakini nimezuiwa kumzalisha

Shikamoo Shangazi,

Nina mbwa jike wa Labrador, jina lake Lulu, ana miaka miwili na miezi mitatu. Nilimchukua kwa mama mmoja ambaye amezalisha Labrador kwa miaka mingi. Siku ya kwanza alinihoji kana kwamba nimekwenda kuposa: nyumba ina uzio, nani hushinda na mbwa mchana, nikisafiri nitamwachia nani. Nilijibu yote, na siku ya kumchukua nikatia saini karatasi alizonipa. Lulu nilimpakata mkono mmoja, kalamu iko mkono wa pili. Sitakudanganya, sikusoma kila kitu.

Wiki iliyopita nilitoa cheti chake cha usajili kabatini, nikakuta kimeandikwa kwamba watoto wa mbwa huyu hawatasajiliwa. Shangazi, nilijisikia kama nimetukanwa. Yaani mbwa wangu ni wa daraja la pili?

Nilikuwa nakitafuta cheti kwa sababu rafiki wa mume wangu ana Labrador dume, mweusi, mtulivu, kifua kipana, na yeye ametoka kwa mama huyo huyo. Tukaona nasaba ni nzuri pande zote mbili. Lulu ataingia kwenye joto mwezi ujao. Watu watano wameshaomba watoto, na binti yangu amejaza majina kwenye daftari.

Nikampigia yule mama. Hakukataa moja kwa moja. Alisema nipeleke picha za nyonga na viwiko, uchunguzi wa macho na kipimo cha vinasaba, kisha tuzungumze. Gharama si ndogo. Mume wangu anasema mbwa tumemlipia, ni wetu, hakuna mtu anayeuza kitu kisha akaendelea kukitawala. Rafiki yake anatushauri tumpandishe tu, watoto tuwauze bila vyeti au tuwasajili kwenye chama kingine kisichouliza maswali. Jirani naye anasema jike lazima azae walau mara moja ndipo afya yake itengemae.

Lulu hana kasoro yoyote. Anakula vizuri, manyoya yanang'aa, anapenda watu, anakimbia kutwa. Asubuhi baada ya siku ya kucheza sana huchechemea kidogo mguu wa nyuma, lakini akitembea dakika chache unaachia. Daktari wa mifugo humsifu kila tukienda chanjo.

Je, yule mama ana haki? Au anataka tu abaki peke yake sokoni?

Mwenye Lulu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye sentensi moja ambayo wewe uliipita mbio. Nitairudia, kwa sababu kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Lakini kwanza nikutoe hilo la kutukanwa.

Maneno uliyoyakuta kwenye cheti hayakuandikwa kwa kumtazama Lulu huyu wa leo. Yaliandikwa alipokuwa kitoto cha wiki chache, na katika umri huo hakuna mtu anayeweza kusema nyonga zake zitakaaje, viwiko vitakomaa vipi, au tabia yake itakuwaje akiwa mkubwa. Mzalishaji anayeijali kazi yake huwawekea kizuizi watoto wote wa uzao, wale wanaoonekana bora na wale wa kawaida, kwa sababu moja kubwa: bado hawajulikani. Kuna vizuizi vya kudumu pia, kwa mfano kwa dume ambaye korodani moja haikushuka, au mtoto aliyezaliwa na kasoro inayojulikana kurithiwa. Hivyo huelezwa wazi siku ya kuuziana. Chako hakifanani na hivyo, maana mama mwenyewe amekutajia anachotaka kukiona ndipo akiondoe.

Kila chama cha usajili kina utaratibu wake, lakini wazo halitofautiani sana. Kwa Kennel Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1873, mzalishaji anaweza kuweka kizuizi cha aina mbili: kimoja kinasema watoto wa mbwa huyu hawatasajiliwa, kingine kinazuia asitolewe cheti cha nasaba cha kwenda nchi nyingine. Kwa American Kennel Club upo usajili wenye mipaka. Mbwa anaandikishwa, anaweza kushiriki mashindano ya utii au ya kuruka viunzi, lakini haingii kwenye maonyesho ya kushindanisha umbo, na watoto wake hawaandikishwi. Kwa kawaida anayeweza kukiondoa ni yule yule aliyekiweka.

Jambo moja liko upande wako hapo. Kennel Club ya Uingereza inamtaka mzalishaji awe na saini ya mnunuzi inayothibitisha kwamba alielezwa kizuizi kabla ya kumchukua mbwa au siku ile ile. Mzalishaji asiye nayo anaweza kukuta chama kimekiondoa bila ridhaa yake. Kwa hiyo zitoe zile karatasi ulizotia saini huku umempakata mtoto, uzisome leo, neno kwa neno. Tazama kama masharti ya kukiondoa yameandikwa, na tazama kama kuna mkataba wa pembeni unaosema usimpandishe kabisa bila ridhaa.

Nasema hivyo kwa sababu ya hoja ya mume wako, ambayo nusu yake ni kweli. Lulu ni wenu. Kizuizi hakigusi umiliki. Kinagusa daftari la nasaba peke yake, tena hata mimba hakizuii. Lakini kama mliahidi kwa saini kwamba hamtampandisha, hiyo ni ahadi, na ahadi iliyotiwa saini haifutwi na risiti ya malipo. Katika nchi nyingi anaweza kuwadai mbele ya sheria.

Sasa nikueleze kwa nini nasimama na huyo mama, japo simjui.

Jike wangu wa kwanza alikuwa Labrador wa rangi ya dhahabu. Alikuwa mzuri mno, na alikimbia kama swala. Sikumpiga picha ya nyonga kwa sababu niliamini macho yangu: mbwa anayeruka hivi ana ubaya gani? Nikampandisha akiwa na miaka miwili. Akazaa watoto saba, wote wazima, na nikajisifu kwa kila aliyekuja kuwaona. Ilipita karibu mwaka, simu ikaja. Mmoja wa wale saba, dume aliyekwenda kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, alikuwa hawezi tena kupanda ngazi. Akiinuka alitetemeka miguu ya nyuma, na yule mtoto alikuwa akimsukuma kwa viganja viwili ili amsaidie. Nilikwenda kumwona. Picha ilionyesha kichwa cha fupa la paja kimekaa nje nje ya tundu lake. Baadaye akaumwa ndugu yake wa kike. Hapo ndipo nilipompeleka mama yao, na nyonga zake zilikuwa mbovu pande zote mbili. Alikuwa amezibeba miaka yote bila kuonyesha lolote, kwa sababu misuli yake ilikuwa na nguvu na maumivu alikuwa ameyazoea. Wale watu walinikabidhi imani yao nami nikawapa ugonjwa ambao ningeuona kwa picha moja. Miaka mingi imepita, na yule mtoto aliyekuwa akimsukuma mbwa wake sijamsahau.

Sasa narudi kwenye sentensi yako. Umeandika kwamba Lulu hana kasoro, kisha hapo hapo ukaandika kwamba asubuhi baada ya kucheza sana huchechemea mguu wa nyuma na akitembea kidogo unaachia. Mwanangu, hiyo si tabia ya mbwa mzima wa miaka miwili. Ukakamavu unaokuja baada ya kupumzika na kulegea mwili ukipata moto ni alama tunayoijua sana sisi tuliowahi kuishi na nyonga mbovu. Huenda si nyonga. Goti pia huleta hali kama hiyo, kano ya ndani ya goti ikianza kuchanika. Huenda ni msuli tu. Mimi si daktari, na hata daktari hawezi kujua kwa kumsifu manyoya wakati wa chanjo. Mpeleke kwa ajili hiyo peke yake, mwambie daktari waziwazi kuhusu kuchechemea, na uombe picha. Hata kama hakuna mtu duniani aliyewahi kutaka mtoto wa Lulu, picha hiyo bado ungepaswa kuipiga.

Picha yenyewe ni ile ile anayoitaka mzalishaji wako, kwa hiyo gharama moja itafanya kazi mbili. Mbwa hupewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, hulazwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa, kisha picha ikasomwa na wataalamu wa mpango unaotambuliwa na chama chako. Katika mpango wa Uingereza kila nyonga hupewa alama kuanzia 0 hadi 53, jumla ya pande mbili haizidi 106, na alama ndogo ndiyo nzuri. Viwiko hupimwa kwa daraja la 0 hadi 3. Mpango huo hupokea mbwa kuanzia mwaka 1. Ule wa Marekani unaotumika sana hautoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla ya mwaka wa 2. Lulu amevuka yote mawili. Wakati mnasubiri, msimkimbize sana, na msimpe vidonge vya maumivu vya binadamu hata kwa huruma, kwa sababu baadhi yake humuua mbwa. Na kama ameongezeka uzito, mpunguze. Kuna utafiti uliofuatilia Labrador 48 maisha yao yote, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002: nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao, wakaishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Labrador ataomba chakula hata akiwa ameshiba, usimhurumie kwa hilo.

Kipimo cha vinasaba kisikutishe. Ni rahisi kuliko picha, hutosha mate au damu kidogo. Kwa Labrador huangaliwa, pamoja na mengine, upofu unaoanza kwa kushindwa kuona gizani na kumaliza macho yote polepole. Ugonjwa huo hutokea pale mtoto anaporithi jeni mbovu kutoka kwa baba na mama pia. Mbwa mwenye nakala moja tu haugui, anaona vizuri hadi uzee, na kwa macho hutamjua kamwe. Ukimpandisha kwa mwenzake aliye kama yeye, kwa wastani robo ya watoto watapofuka. Ukimpandisha kwa asiye na jeni hiyo, hakuna mtoto atakayepofuka. Unaona basi kwamba matokeo yasiyo safi hayamfungii Lulu mlango hapo. Yanakuambia tu dume gani asimkaribie. Uchunguzi wa macho kwa mtaalamu ni jambo jingine, usifikiri kimoja kinachukua nafasi ya kingine.

Na hilo la dume linanileta kwa mbwa wa rafiki wa mume wako. Mnasema nasaba ni nzuri pande zote kwa kuwa wote wametoka kwa mzalishaji mmoja. Hapo mimi ndipo ninaposita. Chukueni vyeti viwili vya nasaba mviweke mezani, kimoja pembeni ya kingine, mtafute majina yanayojirudia. Mkikuta baba mmoja kwa mama tofauti, hao ni ndugu wa kambo, na watoto wao watakuwa na wastani wa asilimia 12.5 ya jeni zilizorithiwa kutoka kwa mzee yule yule kwa pande zote mbili. Ndugu wa baba na mama mmoja hufika asilimia 25, na Kennel Club ya Uingereza iliacha kusajili watoto wa ndugu wa namna hiyo, na wa mzazi na mwanawe, mwaka 2009. Kasoro iliyolala kizazi kwa kizazi huamka kwa njia hiyo. Yule mama anajua nani ni ndugu wa nani. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka aulizwe kabla, na mtu kutoka nje huweza kuidhania ni wivu wa biashara.

Shauri la kuwauza bila vyeti silitaki hata kidogo. Karatasi inayokosekana si karatasi tu. Mnunuzi atawauliza nyonga za mama zikoje, nanyi mtasema nini? Vipo vyama ambavyo huandikisha mbwa yeyote kwa ada bila kuuliza chochote, na cheti chake hupendeza ukutani, lakini hakimwambii mnunuzi kitu kuhusu mbwa aliye ndani ya nyumba yake. Wapo pia watu wanaonunua majike wenye nasaba nzuri ili wawafungie kwenye vibanda na kuwazalisha kila joto hadi wachoke. Vizuizi hivi huwekwa pia kwa ajili ya watu hao, kwa sababu mtoto asiyeweza kusajiliwa huuzwa kwa bei ndogo, na wao hufuata bei. Wewe si mmoja wao, lakini siku ile ulipokwenda kumchukua Lulu huyo mama hakuwa na njia ya kujua.

Jirani yako mwambie kwa upole kwamba amepokea jambo la zamani lisilo na msingi. Kuzaa hakumwongezei jike afya. Ni kweli jike asiyehasiwa yuko kwenye hatari ya tumbo la uzazi kujaa usaha, hasa akiwa mtu mzima, lakini kuzaa mara moja si kinga ya kutegemea. Kinga ni kumhasi, na hilo zungumza na daktari siku hiyo hiyo ya picha. Mimba yenyewe, siku 63 hivi, ina hatari zake: mtoto kukwama, upasuaji usiku wa manane, maziwa kukataa kutoka na wewe kuamka kila saa mbili na chupa. Labrador kuzaa watoto saba au wanane si ajabu. Watu watano wameomba. Nimeishi na orodha za namna hiyo, na zikifika wiki ya nane nusu ya majina huwa yamepata safari, ujauzito, au nyumba mpya isiyoruhusu mbwa. Binti yako ajue kwamba daftari lake linaweza kubaki na majina bila wenyewe, na hilo si kosa lake.

Nisimtakase huyo mama kupita kiasi. Alipaswa kukaa chini nawe, akusomee kile kizuizi kwa sauti, akuhakikishe umeelewa kabla hujashika kalamu. Na wapo wazalishaji wanaokitumia vibaya: wanaodai fedha nyingi ndipo wakiondoe, au wanaotaka wachague watoto wawili bora bila malipo, au wanaobadilisha sharti kila ukilitimiza. Mwombe akuandikie sasa, kwa maandishi, ni matokeo yapi yatamridhisha: nyonga alama ngapi, viwiko daraja gani, macho, vinasaba, umri, na dume yupi. Mzalishaji mwaminifu hatasita. Akianza kuzungukazunguka, niandikie tena nitakuambia la kufanya, kwa sababu hapo mimi nitakuwa upande wako.

Joto la mwezi ujao liache lipite. Hata majibu yote yakija mazuri, hayatawahi. Kwa wiki tatu nzima Lulu asitoke bila kamba, na yule dume mweusi asije nyumbani hata kwa dakika tano. Uzio anaouheshimu siku zote ataupuuza siku hizo. Joto lingine litakuja baada ya miezi sita hivi, na Lulu bado atakuwa kijana.

Kabla ya hayo yote, mpigie yule mama kesho. Usimpigie kuhusu cheti. Mwambie kuhusu mguu: ni wa kushoto au wa kulia, uliuona lini mara ya kwanza, unachukua dakika ngapi kuachia. Picha ikitoka mtumie nakala, iwe nzuri au mbaya. Lulu ana ndugu wa tumbo moja kwenye nyumba za watu wengine, na huenda mama yao anaandaliwa uzao mwingine.

Shangazi